Kufakamia, kubugia, kugugumia: haraka iko wapi?

Msomaji anayeandika hadithi za watoto ameniletea aya moja ya hadithi yake mpya, anataka kujua kwa nini mhariri ameichafua kwa kalamu nyekundu. Aya yenyewe ni hii:

"Sudi alirudi kutoka shuleni akiwa hoi kwa njaa. Alifakamia kikombe kizima cha maji, akafakamia karanga zilizokuwa mezani, kisha akafakamia wali uliobaki mchana. Bibi yake akamtazama, akasema: 'Mjukuu wangu, unafakamia kama chatu!'"

Mhariri ameiacha fakamia moja tu, ile ya wali. Tatu zilizobaki amezipigia mstari bila kueleza. Msomaji anauliza: si fakamia ni kumeza kwa haraka? Sudi ameyameza maji kwa haraka, karanga kwa haraka, na wali kwa haraka. Kosa liko wapi? Anauliza pia kama neno lenyewe ni sanifu au ni la vijiweni, na kama inafaa kuandika, katika ukurasa unaofuata, kwamba Sudi "alimfakamia mdogo wake chakula", yaani alikila chakula alichowekewa mdogo wake.

Ndugu yangu, mhariri wako ana sikio zuri, ingawa angekusaidia zaidi kama angeandika sababu pembeni. Katika aya hiyo, kisarufi hujakosea. Kilichokwama ni picha anayoipata msomaji.

Ukifungua kamusi utaambiwa kwamba fakamia ni kula kwa haraka na kwa pupa. Maelezo hayo ni sahihi, ila ni mafupi mno kwa mtu anayeandika hadithi. Yanakufanya udhani Kiswahili kina kitenzi kimoja cha kumeza haraka na kwamba vingine ni visawe vyake, uchague chochote. Sivyo. Vitenzi vya jamii hii ni vingi, na kila kimoja kimesimama mahali pake kwenye njia ya chakula kutoka mkononi hadi tumboni. Kuna kinachoutazama mkono, kuna kinachoyatazama meno, kuna kinachosikiliza koo. Kabla ya kuchagua, jiulize haraka ya huyu mtu iko wapi.

Tuanze na fakamia yenyewe, maana ndiyo iliyokuleta. Hii haitazami kiungo kimoja, inamtazama mlaji mzima. Mwangalie mtoto aliyeshinda na njaa anapowekewa sahani. Tonge la kwanza halijashuka, la pili limeshachovywa kwenye mchuzi, na jicho liko kwenye la tatu. Mchuzi unamchuruzika mpaka kwenye kiwiko na hana habari. Ukimuuliza habari za shule anajibu kwa kichwa. Huko ndiko kufakamia: tonge linafukuzana na tonge, na mlaji hayupo pengine popote ila kwenye sahani. Kwa hiyo fakamia inataka chakula kinacholiwa kwa mfululizo. Huwezi kufakamia kidonge kimoja, hata ukikimeza kwa haraka namna gani. Huwezi kufakamia kipande kimoja cha embe. Lakini embe zima, kwa mikono miwili, maji yakitiririka kidevuni, hilo unaweza kulifakamia vizuri kabisa.

Ndani ya fakamia mna hamu pia, siyo mwendo peke yake. Dereva anayekula akiwa amesimama kwa sababu gari linaondoka anakula haraka haraka. Si lazima anafakamia. Huenda hana hata hamu ya kile chakula, ana hamu ya kuondoka. Anayefakamia anaharakishwa na chakula chenyewe. Neno pupa linabeba mambo hayo mawili kwa pamoja, haraka na tamaa, na ndiyo maana waliotunga kamusi hulishika sana wanapoieleza fakamia. Wahenga nao walililaumu: mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Hapa niingize tahadhari ambayo waandishi wengi huisahau. Mtu anayefakamia si lazima awe mlafi, wala mroho. Mlafi ni mtu wa kula kingi, na anaweza kukila taratibu, sahani baada ya sahani, saa nzima. Mroho anatamani kila anachokiona, hata kabla hajakigusa. Hizo ni tabia, mtu anatembea nazo. Kufakamia ni kitendo cha wakati ule, na mara nyingi sababu yake ni njaa tu. Sudi wako ni mtoto aliyetoka shule na njaa. Msomaji amwonee huruma, acheke kidogo, asimhukumu. Ukimwita mlafi umeshamhukumu. Ukisema alifakamia wali, umeeleza njaa yake bila kuitaja.

Pamoja na hayo, fakamia si neno la heshima. Ina lawama ndani yake, hata kama ni lawama nyepesi. Mama humwambia mwanawe, "Usifakamie, chakula hakikimbii," na hapo ni sawa, ni malezi. Lakini geuza useme, "Mgeni alikifakamia chakula," na tayari umemsengenya mgeni. "Babu alifakamia uji" itamfanya msomaji wa Kiswahili aache kusoma kidogo ajiulize babu amekosa nini. Mtu mzima unayemheshimu alikula haraka, au alikula kwa hamu, au alikuwa na njaa akala akashiba. Mkubwa wako akisema mwenyewe, "Leo nimefakamia, sikujua kama nina njaa hivi," hiyo ni yake, anajisema. Wewe usimrudishie.

Sasa karanga. Nadhani mhariri alitaka uandike "akabugia karanga", na hapo haraka iko mkononi na kwenye mashavu. Kubugia ni kutia kinywani vitu vingi kwa mara moja, hasa vitu vidogovidogo au vikavu: karanga, bisi, korosho, unga, sukari. Fuatilia tendo lenyewe. Kiganja kinakunjwa kama kikombe, kinajazwa, kinapandishwa, kichwa kinarudi nyuma kidogo, kinywa kinafunguka na mzigo wote unaingia. Kisha mashavu yanavimba, na mtu hawezi kusema neno likaeleweka. Ukitoa kiganja na mashavu yaliyojaa, hakuna kubugia. Mtu anayekula karanga mojamoja, hata akizila kwa kasi ya cherehani, hajabugia.

Kwa sababu bugia inabeba wingi unaoingia kwa pamoja, imesafiri kwenda mbali. Husemwa mtu amebugia vidonge, na msikilizaji anaelewa mara moja kwamba si dozi aliyoandikiwa na daktari, ni kiganja kizima, na kwamba kuna hatari. Linganisha na "amemeza vidonge", ambayo ni mgonjwa aliyefuata maelekezo. Katika habari, tofauti hiyo ya neno moja ni kubwa sana. Watangazaji wa mpira nao husema timu imebugia mabao, au imebugizwa, na wavu unageuka kinywa kilichojazwa bila kupenda. Nchini Kenya utaikuta bugia kwenye magazeti na katika mazungumzo hata kwa vinywaji, hasa pombe: walevi wanabugia mvinyo. Katika Kiswahili cha Tanzania mtu wa pombe atasemwa zaidi kwamba anakunywa tu, au anagugumia, au atatafutiwa msemo wa mtaani. Sioni haja ya kuwasahihisha Wakenya hapo. Neno limepanuka, na wanaolitumia wanaelewana. Ila kama hadithi yako inasomwa pande zote mbili za mpaka, bugia ya karanga haina ubishi popote.

Karibu na bugia yuko bwia, ndugu yake mwembamba. Kubwia ni kutupia kinywani kitu cha ungaunga kutoka kiganjani, kidogo kidogo, kama mtu anavyofanya na tumbaku. Leo neno hili karibu limetekwa lote na dawa za kulevya, na mbwia unga amekuwa jina la mtumiaji, hata yule anayevuta au kujidunga sindano na hajawahi kutia kitu kinywani. Lugha ndivyo inavyofanya: tendo hubadilika, neno hubaki. Lakini kwa kuwa unaandikia watoto, nakuomba sana uwe mwangalifu nalo. Mbwia unga ni jina la kumdharau mtu. Tuna neno mraibu, linalomtaja mtu na tatizo lake bila kumtupa.

Kwenye maji, mhariri ana sababu kubwa zaidi, nami namuunga mkono. Kitenzi cha maji ni gugumia. Hiki ni kitenzi cha koo, na ni kitenzi cha sauti. Kiseme polepole usikie: gu-gu. Ndiyo sauti ya mtu mwenye kiu aliyeinua kikombe hakishushi, funda linafuata funda, koromeo linapanda na kushuka, na aliye chumba cha pili anasikia. Kwa kuwa sauti ndiyo roho ya neno hili, waandishi hulitumia pia kwa mtu mwenye maumivu: "aligugumia kwa uchungu", yaani alitoa sauti nzito ya ndani ya koo bila kufungua kinywa vizuri. Hakunywa chochote. Na kigugumizi, kile cha mtu ambaye maneno yanamkwama na kujirudia, kimetoka kwenye gugumiza, ya ukoo huohuo wa sauti. Kwa hiyo ukiandika "Sudi aligugumia maji", umempa msomaji kiu, kikombe na sauti kwa neno moja. "Alifakamia maji" haimpi hata kimoja kati ya hivyo, maana fakamia imezoea tonge na maji hayana tonge.

Kama hutaki sauti, kama Sudi wako amekunywa kimya lakini kwa mara moja, kuna msemo "kwa mkupuo mmoja". Alikimaliza kikombe kwa mkupuo mmoja: hakupumua katikati. Mkupuo unaeleza tendo moja lisilokatika, na unafaa hata kwa mtu unayemheshimu. Hauna lawama yoyote.

Kuna neno jingine ambalo sikulitegemea kwa mhariri wako na wala hakuliandika, lakini natamani waandishi walirudishe: akia. Kuakia ni kumeza bila kutafuna. Hapa kinachotazamwa ni meno, au tuseme kukosekana kwa meno katika kazi. Nyama imeingia, haikutafunwa, imekwenda. Siku hizi halisikiki sana, na vijana wengi watakuuliza ni neno gani. Ndiyo maana silazimishi uliweke kwenye kitabu cha watoto wadogo bila muktadha unaolieleza. Lakini fikiria mzazi anayesema, "Tafuna, usiakie." Ni maneno mawili tu, na kosa na dawa yake vyote vimo. Fakamia haiwezi kufanya kazi hiyo, kwa sababu mtu anaweza kufakamia huku anatafuna, ila anatafuna kidogo na kwa kasi.

Tukiwa kwenye meno, mtu angeweza kudhani wanaoiba fedha za umma wangesemwa wanazifakamia. Magazeti yanasema wanazitafuna. Nadhani waandishi wa habari wamechagua vizuri. Mwizi wa namna hiyo hana haraka, amekaa kitini, anakula kwa nafasi yake mwaka hata mwaka.

Na hili ndilo linalotupeleka kwa chatu wa bibi. Sentensi yake ni tamu, lakini chatu hafakamii. Chatu humeza. Humshika mnyama, humbana mpaka afe, kisha huanza kwa kichwa na kumwingiza mzima mzima, polepole, kazi ya muda mrefu. Hana meno ya kutafunia na hana haraka yoyote. Ukimfananisha mtoto na chatu, unataka kusema amemeza kitu kikubwa kizima, siyo kwamba amekula mbiombio. Meza ni kitenzi kisicho na upande katika jamii hii yote: kinaeleza kushuka kwa kitu kooni na hakisemi kama ni kwa haraka, kwa hamu au kwa shida. Ndiyo maana kinachukua kila mzigo. Tunameza dawa, tunameza mate tukitamani, wanafunzi wanameza kurasa za kitabu usiku wa kuamkia mtihani, na mtu aliyetukanwa akanyamaza anaambiwa amemezea.

Kama bibi anataka mnyama wa kumfananisha na mjukuu, mbwa angefaa zaidi, ila kwa adabu za kwetu bibi hamwiti mjukuu mbwa, hata kwa mapenzi. Mbwa ana kitenzi chake pia: bwakia. Mtupie kipande cha nyama, akidake kwa mdomo kabla hakijagusa ardhi, kishuke hapohapo. Huko ni kubwakia, haraka ya taya. Kumsema binadamu hivyo ni tusi, kwa hiyo liache kwa wanyama. Mimi ningemtoa mnyama kabisa nikamwachia bibi maneno yake ya kila siku: "Taratibu, mjukuu wangu, utapaliwa."

Nimeitaja paliwa makusudi, kwa sababu ni neno utakalolihitaji aya inayofuata, na watu hulikosea. Kila tunapomeza, pumzi husimama kidogo: koromeo hupanda, njia ya hewa hufungwa, chakula hupita nyuma yake kwenda kwenye umio. Mtu anayefakamia huku anaongea au anacheka anavuruga mpango huo. Hewa inaitwa na chakula kinaitwa kwa wakati mmoja, chembe inaelekea njia ya pumzi, na kikohozi kinakuja kuitoa. Hapo tunasema amepaliwa, au chakula kimempalia. Angalia kwamba mlaji amegeuka mtendwa. Aliyekuwa anafakamia sasa anafanywa. Kama tonge limekwama kooni, haliendi mbele wala halirudi, huko siyo kupaliwa, ni kusakamwa. Aliyepaliwa anakohoa sana. Aliyesakamwa anashika koo, macho yanamtoka, na asipoweza kukohoa wala kutoa sauti anahitaji msaada papo hapo. Usiandike moja ukimaanisha jingine, kwa sababu msomaji atasoma hatari tofauti. Wala usichanganye palia hii na ile ya shambani, ya kuondoa magugu kwa jembe, wala ile ya makaa. Ni maneno tofauti yaliyokutana kwa sauti.

Jambo dogo la uhariri. Ukiandika "alifakamia kwa pupa" au "alifakamia haraka haraka", umerudia kilichokwishasemwa. Pupa na haraka zimo ndani ya neno. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza kile ambacho neno halina: alifakamia amesimama, alifakamia bila kunawa, alifakamia mpaka ukoko.

Umeuliza kama neno ni sanifu. Ni sanifu. Limo katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) tangu toleo la kwanza la mwaka 1981, na mwanafunzi anaweza kuliandika kwenye insha ya mtihani bila wasiwasi. Linasikika kama neno la nyumbani kwa sababu ndiko linakofanya kazi zaidi, mezani na jikoni.

Limebaki lile la mdogo wake. "Alimfakamia mdogo wake chakula" haisimami, na chanzo cha kosa ni mwisho wa neno. Tumezoea kwamba -ia mwishoni huleta maana ya kutendea: pika, pikia, andika, andikia. Kwa hiyo mtu anaiona fakamia anadhani tayari ni ya kutendea na kwamba nyuma yake kuna "fakama". Hakuna fakama inayotumika. Fakamia ni mzizi mzima, kama zilivyo bugia, gugumia na akia, na kama zilivyo kimbia na ingia. Ukitaka kutendea, fuata njia ya hizo mbili za mwisho: kimbia inatoa kimbilia, ingia inatoa ingilia, basi fakamia inatoa fakamilia. Kutendwa ni fakamiwa: wali ulifakamiwa wote. Kusababisha ni fakamisha: njaa ilimfakamisha.

Aya yako, basi, ningeiandika hivi: "Sudi alirudi kutoka shuleni akiwa hoi kwa njaa. Aligugumia kikombe kizima cha maji, akabugia karanga zilizokuwa mezani, kisha akaufakamia wali uliobaki mchana. 'Taratibu, mjukuu wangu,' bibi akasema, 'utapaliwa.'" Na ukurasa unaofuata: "Alipoinua macho, aligundua kwamba amemfakamilia mdogo wake chakula chote."